Janga lilikuwa moja na ploti ilikuwa moja: mbona akili zetu hazikuumia sawa?

Mwalimu wa Kayole ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nimesoma humu kwa miaka bila kuandika neno. Leo ninauliza jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka 2020, kwa sababu kila nikilitaja nyumbani hujibiwa kwamba mwanamume hujikaza.

Shule za Kenya zilipofungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya kibinafsi huku Kayole, Nairobi, nami nilikuwa nimepanga chumba kimoja pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili katika ploti yenye milango kumi na minne. Kwenye mlango uliotazamana na wangu aliishi mwalimu mwenzangu, ambaye tulisoma naye chuo kimoja na kuhitimu mwaka mmoja. Tofauti yetu ilikuwa kwamba yeye aliajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, nami niliajiriwa na mwenye shule. Mwenye shule alitulipa nusu ya mshahara wa Machi na kutuambia twende nyumbani tusubiri simu. Simu hiyo ilikuja Januari 2021, shule zilipokuwa zikifunguliwa nchi nzima, na ilikuwa ya kutuarifu kwamba yetu haitafunguliwa tena. Katika miezi yote hiyo mwenzangu alipokea mshahara wake kama kawaida.

Sikumwonea kijicho, wala simwonei leo, kwa maana ni mtu mwema. Ninalokumbuka ni taa yake. Kafyu ilikuwa ikituingiza ndani mapema, na kila usiku, saa mbili au kabla yake, dirisha lake lilikuwa giza. Mimi nilikuwa nikikaa juu ya ndoo karibu na mlango nikilitazama dirisha lile na kuwaza: huyu ameshalala. Usingizi wangu haukuja hadi karibu na adhana ya alfajiri. Mwezi wa Mei nilichukua mkopo wa simu wa shilingi 3,000 ili kununua unga na mafuta ya taa, kisha nikachukua wa pili kuulipa ule wa kwanza, na kufikia Agosti nilikuwa ninadaiwa shilingi 41,000 na mikopo mitano tofauti. Septemba mwenye nyumba alitundika kufuli yake juu ya kufuli yetu tukiwa tumetoka. Nilijaribu kuuza njugu karanga kando ya barabara, lakini wateja wangu wa kwanza walikuwa wanafunzi wangu mwenyewe, na siku hiyo nilirudi nyumbani nikajifunika shuka mchana kutwa. (Wakati huo kuna shule ya kibinafsi kule Mwea iliyogeuza madarasa yake kuwa mabanda ya kuku, na habari hiyo ilipotangazwa watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka.)

Sasa nina kazi katika shule nyingine, na deni la mwisho nililimaliza mwaka 2023. Hata hivyo, simu ikilia mlio wa ujumbe, moyo wangu huenda mbio na viganja hulowa jasho, na kuanzia tarehe 25 ya kila mwezi silali vizuri hata kama mshahara una hakika. Kaka yangu anasema huu ni udhaifu wa moyo, kwa kuwa janga lilimpitia kila mtu na wengine wameshasahau. Ninauliza kwa dhati: kwa nini tukio moja liliwaumiza watu wawili wa ploti moja kwa namna tofauti kiasi hiki, na kwa nini maumivu yamebaki ilhali sababu yake imeondoka?

Muuguzi wa Pwani amejibu:

Mwalimu, pole kwa yote, na ahsante kwa kuandika. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali moja ya kaunti huku Pwani, na mwaka ule nilikuwa kazini karibu kila siku, kwa hiyo nitakujibu kutokana na niliyoyasoma na niliyoyaona.

Kaka yako amekosea, ingawa kosa lake ni la wengi. Sote tulilipitia janga, ndiyo, lakini hatukuliingia tukiwa na akiba sawa, nyumba sawa, wala uhakika sawa wa kesho. Mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba matatizo ya wasiwasi na unyogovu, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita sonona, yaliongezeka duniani kwa takribani asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga, na kwamba waliobeba sehemu kubwa zaidi ni wanawake na vijana. Kabla ya hapo, mwaka 2021, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makadirio kwamba mwaka 2020 uliongeza watu wapatao milioni 53 wenye unyogovu mkubwa, na kati yao wanawake walikuwa kama milioni 35, ilhali wanaume hawakufika milioni 18. Ninaomba pia ujue kwamba takwimu za msingi za makadirio hayo zilitoka zaidi katika nchi tajiri, na nchi nyingi za Afrika hazikuwa na tafiti za kuingizwa humo. Kwa maneno mengine, mtu wa Kayole alikisiwa tu, hakuhesabiwa.

Sasa nije kwenye swali lako. Akili ya binadamu huweza kuvumilia dhiki kubwa ikiwa mwisho wake unajulikana. Mwenye mshahara, hata ukiwa mdogo, anaweza kusema nitakula hiki hadi tarehe fulani na kodi nitalipa siku fulani; huo peke yake ni usingizi. Wewe uliambiwa usubiri simu. Mtu anayesubiri simu isiyo na tarehe hukaa macho kama mlinzi wa usiku, na mwili unaokaa macho kwa miezi tisa hujifunza kukaa hivyo. Tena kwako simu ilikuwa mlango wa mambo mawili kwa pamoja: kazi iliyotarajiwa na mdai aliyeogopwa. Moyo wako unapokwenda mbio leo kwa mlio wa ujumbe, haufanyi hivyo kwa udhaifu. Unafanya kile ulichofunzwa mwaka mzima. Jambo hilo linatibika, nami nitalirudia mwishoni.

Kuna jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni kwamba hata nafuu iliyotolewa na serikali haikuwafikia watu sawa. Kuanzia Aprili hadi Desemba 2020, waliokuwa wakipata mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato yote. Lilikuwa jambo jema. Lakini nafuu hiyo ilipitia kwenye hati ya mshahara, na asiyekuwa na hati ya mshahara, kama mama mboga, dobi, utingo wa matatu, au mwalimu aliyeambiwa akasubiri nyumbani, hakuwa na mahali pa kuipokelea. Mtu akiona msaada ukipita mlangoni pake kwenda kwa jirani, huumia mara mbili: kwa kukosa, na kwa kujiona kwamba hakuhesabiwa kuwa mhitaji.

Wagonjwa niliowapokea mwaka ule hawakuniambia kwamba wana unyogovu. Waliniambia "nina mawazo," au kichwa kinawaka moto, au mwili umekufa ganzi, au moyo unapiga kama ngoma. Mama mmoja muuza samaki alikuja kwetu mara tatu kutibiwa vidonda vya tumbo, na kila mara alipewa dawa za tumbo, hadi siku ya nne mwenzangu alipomuuliza nyumbani wako wangapi, naye akalia kwa dakika kumi kabla ya kujibu. Tuna dodoso la maswali tisa lililotafsiriwa kwa Kiswahili, ambalo huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, usingizi, uchovu, hamu ya kula, na kadhalika. Swali la tisa huuliza kama mtu amewahi kuona afadhali afe. Wengi walikuwa wakisema "hapana" upesi mno, na si ajabu, kwa sababu jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai nchini kwetu hadi Mahakama Kuu ilipotamka mnamo Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume cha Katiba. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limependekeza katika mwaka uleule wa 2020 kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la taifa. Kwa hiyo hali yetu ilikuwa mbaya hata kabla ya virusi kufika. Virusi vilikanyaga penye kidonda.

Ushauri wangu ni huu: nenda katika hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe uulize siku ya kliniki ya afya ya akili, na uwaeleze kama ulivyotueleza sisi, hasa habari ya simu na ya tarehe 25. Yapo matibabu ya mazungumzo yanayofaa kwa hali kama yako, na si lazima yaambatane na vidonge. Na niruhusu nikuulize swali moja. Umetueleza usiku wako na usiku wa jirani yako. Mke wako alikuwa akilala saa ngapi?

Karani wa Kisumu amejibu:

Nimesoma kwa makini, nami nakubaliana na mengi aliyoyasema dada muuguzi, isipokuwa mahali ambapo mshahara umefanywa kuwa sawa na usingizi. Mimi ni mtumishi wa umma. Mwaka ule nilikuwa nikifanya kazi Nairobi, na mshahara wangu haukukosa hata mwezi mmoja. Katika ukoo wetu wa watu wazima kumi na mmoja, nilikuwa peke yangu niliyebaki na kipato cha hakika. Kaka yangu alikuwa dereva wa basi la masafa marefu, dada zangu wawili walikuwa wakiuza nguo za mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu, shemeji alikuwa akifanya kazi hotelini. Kila jioni simu zilikuja, na hakuna hata mmoja aliyepiga kwa anasa. Nilikuwa nikiandika kwenye daftari nani nimemtumia na nani bado, na wale ambao bado niliwaota usiku. Mshahara mmoja uliogawanywa kwa nyumba sita haumpi mtu usingizi. Unampa zamu ya kuamua nani asile wiki hii.

Halafu baba yetu akafariki mwezi wa Mei, kijijini Siaya. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili, na haikufunguliwa hadi tarehe 7 Julai. Nilipata kibali cha kusafiri, lakini mazishi yaliruhusiwa kuhudhuriwa na watu wasiozidi kumi na watano, na kwetu mtu mzima wa umri wa baba yangu hazikwi na watu kumi na watano. Hakuna aliyekesha, hakuna aliyeimba hadi asubuhi, wazee wenzake walisimama ng'ambo ya ua wakiinua mikono tu. Tulimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Mimi kama mtoto wa kiume mkubwa nilipaswa kusema maneno mbele ya watu, na maneno hayo bado ninayo, sijayasema mahali popote.

Sisemi haya kushindana na Mwalimu kwa uchungu. Nasema kwamba tukipima tofauti hizi kwa kipato peke yake, tutawakosa watu. Tuulize pia nani alizika, na alizika vipi. Tuulize nani aliegemewa na wangapi.

Mpagazi wa Marangu amejibu:

Poleni nyote, Mwalimu na ndugu yangu wa Kisumu. Nachangia nikiwa Kilimanjaro, ambako hatukufungiwa ndani wala hatukuwekewa amri ya kutotoka usiku, na ndiyo maana nadhani mfano wetu unaweza kusaidia. Mtu angefikiri kwamba pasipo kufungiwa hapakuwa na sonona. Lakini mlima wetu hula kwa wageni, na ndege zilipoacha kuja, geti la Marangu likawa kimya kiasi kwamba ulisikia maji ya mto ukiwa barabarani. Watalii walioingia Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, na mwaka 2020 walishuka hadi takribani 620,000. Mpagazi hulipwa kwa safari. Asipopanda, hana siku ya mshahara. Wale wenye migomba na kahawa nyumbani walirudi shambani wakapata angalau ndizi, na wale waliopanga vyumba mjini Moshi, wasio na kihamba, yaani shamba la ukoo, ndio niliowaona wakibadilika. Rafiki yangu mmoja, mtu wa mizaha ambaye alikuwa akituimbisha tukipanda, alianza kukaa siku nzima akisafisha viatu vyake vya mlimani, ambavyo vilikuwa safi.

Kuhusu misiba, namwelewa Karani, lakini yetu ilikuwa na uzito wa aina nyingine. Sisi tuliruhusiwa kukusanyika na kuomboleza, ila ugonjwa wenyewe haukutajwa. Takwimu za wagonjwa hazikutolewa tena kuanzia mwisho wa Aprili 2020 hadi katikati ya mwaka uliofuata, na msibani neno lilikuwa "changamoto ya upumuaji." Mama yangu mdogo alimpoteza mumewe mapema mwaka 2021, na hadi leo humuuliza kila mtu mwenye elimu kidogo: mume wangu alikufa na nini? Mtu ambaye jirani zake wote wanajua jibu lakini hakuna anayelisema hulazimika kuomboleza peke yake hata ukumbi ukiwa umejaa.

Binti wa Mvita, Ghuba, amejibu:

Assalamu alaikum. Nitasema machache kwa kuwa ninaandika usiku baada ya kazi. Sisi makadama, watumishi wa nyumbani huku Uarabuni, tulikuwa na mshahara, kwa hiyo kwa hesabu ya Mwalimu tulikuwa salama. Nyumba ilifungwa, tajiri na familia yake ya watu tisa wakawa ndani saa zote, kazi iliyokuwa ikiisha saa tatu usiku ikawa inaisha saa saba, na Ijumaa yangu, ambayo nilikuwa nikitoka kukutana na Waswahili wenzangu tukala wali wa nazi na kuzungumza lugha yetu, ikafutwa kwa miezi kumi na minne. Miezi hiyo sikusikia Kiswahili ila kwa simu, na simu nilipewa kwa saa moja. Agosti 2020 niliona picha za Wakenya wenzetu waliokuwa wameandamana mbele ya ubalozi mdogo kule Beirut wakiomba kurudishwa nyumbani, nikazitazama hadi saa yangu ikaisha. Kwetu Mombasa walijua ninatuma pesa, basi hawakuwa na sababu ya kuniuliza hali. Dada muuguzi, kama una uwezo, waulize watu wa nyumbani wanaokuja kwako kama wana mtu huku, na wamwulize lini alizungumza na mtu ana kwa ana.

Muuguzi wa Pwani amejibu:

Karani, umenisahihisha na ninakubali. Niliandika kwa kufuata kipato kwa sababu ndicho kilichojaza foleni yangu, na wenye mshahara wengi hawakuja kwangu. Sasa najiuliza ni wangapi waliona aibu kuja kwa vile walihesabiwa kuwa wamebarikiwa. Maneno ya baba yako yana mahali pa kusemwa. Nimeona familia zilizofanya kumbukumbu baada ya mwaka mmoja au miwili, zikawaita wale wale waliozuiwa, na mzee wa ukoo akaongoza. Haikuwa karamu, ilikuwa mazishi yaliyokamilishwa.

Binti wa Mvita, nimelinakili swali lako kwenye daftari langu la kliniki, na Jumatatu nitaanza kuliuliza.

Mwalimu wa Kayole amejibu:

Nimewasoma nyote mara mbili, na nawashukuru. Kliniki ya karibu nami ni Alhamisi, na nimeshaomba ruhusa kazini.

Dada muuguzi, swali lako kuhusu mke wangu lilinikwama kooni, kwa kuwa sikuwa na jibu. Nilimuuliza jana jioni. Aliniambia kwamba tangu Juni alikuwa akiamka saa tisa usiku kwenda kuchota maji wakati bomba la ploti halina foleni, ili saa kumi na mbili awe ameshafika mtaa wa pili kufua nguo za watu, na kwamba mimi niliyedhani ninakesha peke yangu nilikuwa nikisinzia kila alipofungua mlango. Alisema pia kwamba alikuwa akilia pale bombani, kwa sababu maji yakimwagika kwenye mtungi hayaachi sauti nyingine isikike. Ameniambia Alhamisi tutakwenda wote wawili.

Baadaye nilivuka ua nikamsomea mwalimu mwenzangu maneno ya Karani wa Kisumu, kwa maana bado tunaishi ploti ileile. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Nilimwambia habari ya taa yake, jinsi nilivyokuwa nikiitazama ikizimwa mapema na kumwona mtu mwenye bahati ya usingizi. Akaniambia kwamba walikuwa wakiizima ili wapate kula. Watoto wa ploti, wakiwemo wangu, walikuwa wakikaa uani wakitazama madirisha yenye mwanga, naye hakuwa na chakula cha milango kumi na minne, basi waliketi sakafuni gizani, yeye na mkewe, wakila polepole ili vijiko visigonge sahani.